Supachaja Iliyokaa Miaka Miwili Chini ya Kitanda

Boksi liliingia nyumbani Novemba 2021, limesafiri kutoka Perth ndani ya kontena la vyombo vya binamu yangu aliyekuwa anarudi Dar moja kwa moja. Alikuwa amelifunga kwa blanketi la mtoto na gundi ya karatasi sijui mita ngapi. Nililifungulia sebuleni usiku huohuo, viatu vya kazini bado miguuni. Mama watoto akatoka jikoni, akaliangalia lile dude la alumini, akaniuliza ni nini.

"Supachaja."

"Chaja ya nini kubwa hivyo?"

Nilimjibu kwamba ni pampu ya hewa, akarudi jikoni. Na kweli ni pampu ya hewa tu. Ndani mna rota mbili zilizosokotwa, zinazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Zinachota hewa upande huu na kuisukumia upande wa pili, kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Hewa ikizidi ndani ya silinda, petroli nayo inaongezwa, na nguvu inapanda. Tabo nayo ni pampu ya hewa, ila inasubiri moshi wa ekzosi uje uizungushe. Hii imeshikana na krenki, kwa hiyo injini ikizunguka nayo iko kazini. Ni wazo la zamani mno. Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walilipatia hataza mwaka 1860, kabla gari lolote la petroli halijaonekana barabarani, na mashine yao ikaenda kupuliza matanuri na kupeleka hewa migodini. Kwa hiyo nilichokuwa nakipapasa pale sebuleni ni mjukuu wa feni ya tanuri.

Gari lenyewe ni Hilux double cabin ya 2012, V6 ya petroli lita nne, otomatiki ya gia tano, iliyokuja kutoka Afrika Kusini. Hapa mjini ukisema una Hilux ya petroli ya lita nne watu wanakuonea huruma kama uliyefiwa. Ndiyo maana niliipata kwa bei nzuri. Kila mtu anataka dizeli. Na kabla hujaniuliza kwa nini sikununua dizeli nikaweka chip ya kuongeza nguvu yaishe, nimeulizwa na shemeji, na mlinzi wa ofisini, na trafiki mmoja pale Kimara. Jibu ni kwamba hili ndilo nililokuwa nalo, na sauti ya V6 naipenda.

Linafanya kazi kila siku. Asubuhi linapeleka watoto shule, halafu linakwenda dukani kwangu, tunauza vifaa vya ujenzi, na mchana linaweza kubeba saruji mifuko kumi na nondo zinazochungulia nyuma na kitambaa chekundu. Mara moja kwa miezi miwili linakwenda Iringa kwa mama. Nilijidanganya kwamba supachaja ni kwa ajili ya Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa, ambako malori yaliyolemewa yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukweli ni kwamba nilitaka tu.

Kilichonitia wazimu ni Australia. Mwaka 2008 TRD ya kule, kitengo cha Toyota cha magari ya nguvu, iliuza Hilux kama yangu, injini ileile ya 1GR, ikiwa na supachaja: kilowati 225 badala ya 175, na torki, ile nguvu ya kuzungusha, ya Nm 453 badala ya 376. Nikajiambia, kama wenye gari wenyewe wamefanya, nani atanizuia mimi? Sikujiuliza kingine walichobadilisha ni nini. Niliiona namba, nikatafuta boksi. Langu lilitoka kwenye Hilux iliyoviringika, nikalipa kama milioni tano pamoja na usumbufu wa binamu. Nilipolimwaga sakafuni nikakuta hakuna nozeli kubwa za kunyunyizia petroli, hakuna kile kiboksi cha kuongea na kontrol boksi, kompyuta ya injini ya gari, na mkanda umekatwa kwa kisu. Muuzaji aliniuzia misuli, ubongo akabaki nao. Ila alinitupia zawadi: puli ya pili, gurudumu dogo la mkanda, imefungwa kwenye karatasi ya jikoni. Nitairudia hiyo puli.

Jumamosi nikalipeleka boksi Ilala, kwa mzee mmoja ambaye gereji yake iko uchochoroni kiasi kwamba gari linaingia kwa kurudi nyuma. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umeleta mgonjwa au umeleta pesa?"

Nikamwonyesha. Hata hakuinama kuliangalia. Akajifuta mikono na lile tambara lake ambalo ni jeusi kuliko mikono yenyewe, akauliza, "Mwanangu, hili gari kesho kutwa asubuhi linakwenda wapi?"

"Shule, Mzee. Halafu dukani."

"Na Jumanne?"

"Hivyohivyo."

"Basi niambie siku linayopumzika, tuanzie hapo."

Nilikasirika kidogo, nikijua nimeulizwa kitu ambacho nilitakiwa nikijue. Mipango yangu yote niliyoandika kwenye daftari ilikuwa ya gari linalopanda Kitonga limekanyagwa mpaka mwisho. Hakukuwa na hata mstari mmoja wa gari lililosimama foleni dakika arobaini na AC inawaka, jua la saa nane, mtoto nyuma anataka kukojoa. Na huo ndio muda mwingi wa maisha ya gari hili. Boksi likarudi nyumbani, likaingia chini ya kitanda. Likakaa huko karibu miaka miwili.

Kwanza Mzee alitaka kujua injini ina afya gani. Tulitoa plagi zote sita, tukapima kompresheni, yaani presha ya kubana hewa, silinda moja moja. Tano zikasoma karibu 180 psi. Ya sita ikasoma 150. Mimi nikaanza kusema labda geji ni mbovu. Yeye akachukua kijiko, cha chai kabisa, chenye ua kwenye mpini, akamwaga oili kidogo ndani ya ile silinda kupitia tundu la plagi, akamwambia dogo wake wa gereji apige stata tena. Ikasoma vilevile 150. "Ringi nzima," akasema. Kama zingekuwa ringi za pistoni, ile oili ingeziba mwanya kwa muda na namba ingepanda. Haikupanda, kwa hiyo hewa ilikuwa inatorokea juu, kwenye valvu. Tukafungua kava, tukakuta valvu moja ya ekzosi imekaza kupita kipimo, haifungi sawasawa. Ningeweka supachaja juu ya hiyo valvu ingeungua, na lawama ingekwenda kwa supachaja.

Halafu maji. Hapa niliaibika. Rejeta yangu nilikuwa naiongezea maji ya kisima, kama nusu ya Dar inavyofanya, na visima vyetu vingi vina chumvi. Tulipoifungua, mirija ilikuwa na magamba kama birika la mama ntilie. Otomatiki hii inapoozea oili yake ndani ya rejeta hiyohiyo ya maji. Kuta zikipasuka, maji na oili ya gia boksi vinachanganyika, vinakuwa kama maziwa ya strawberi, na gia boksi imekwenda. Nikanunua rejeta mpya, nikahamishia oili ya gia boksi kwenye kipozeo chake mbele ya rejeta, nikaweka kulanti ya kweli na maji yaliyochujwa ya betri. Feni ya visko, ile ya kupoza rejeta, nayo ilikuwa imelegea, unaizungusha kwa kidole ikiwa moto inakwenda yenyewe. Ikabadilishwa. Supachaja bado chini ya kitanda, lakini AC ikaanza kupoza foleni kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari. Mama watoto akasema hiyo chaja inafanya kazi nzuri. Sikumsahihisha.

Kilichofuata ni geji, na ushauri huu nisingeuachia kwa hela yoyote: weka geji kwanza, tembea nazo miezi, ndipo uguse kitu. Niliweka ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ya joto la gia boksi, na ya presha ya mafuta. Nilikuwa naziangalia kila siku kama mtu anayeangalia salio. Kawaida mchanganyiko unatakiwa kucheza jirani na 14.7, sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli, na ukikanyaga sana ushuke, yaani petroli izidi. Langu nikikanyaga lilichelewa kushuka. Tukahangaika wiki mbili na kumbe ni mpira wa hewa umepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na sensa ya hewa ina vumbi la saruji. Saruji yangu mwenyewe.

Sasa joto, maana hapa ndipo hesabu ilipoanza kunitisha. Seti kama yangu inaongeza karibu psi 6. Hewa ya usawa wa bahari ina psi 14.7, ukijumlisha unapata 20.7, yaani umeibana mara 1.41. Hewa ukiibana inapata moto, na hizi rota hazina ustadi mkubwa. Ukizipa ufanisi wa asilimia 60, hewa iliyoingia na nyuzi 33 inatoka na karibu nyuzi 85. Inaingia kwenye silinda hivyo hivyo, kwa sababu seti hii haina intakula, kile kipozeo cha hewa iliyobanwa. Na injini yenyewe inabana 10 kwa 1, si injini iliyoundwa kusubiri kupuliziwa.

Hewa ya moto na petroli hafifu vinaleta kugonga: mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ukisikia sauti kama changarawe ndani ya kopo, hiyo ndiyo. Ukiisikia mara nyingi, nunua pistoni.

Kuna kitu kimoja kuhusu hilo joto ambacho sikukiona kwenye video hata moja kati ya zile nilizokesha nazo. Sensa ya joto la hewa ya gari hili iko pamoja na sensa ya hewa, mwanzoni mwa mpira, kabla ya supachaja. Yaani kontrol boksi inasoma hewa ya nje, inasema leo nyuzi 40, poa tu, kumbe upande wa pili wa rota hewa iko 85 na zaidi. Halafu ongeza foleni. Ukiwa na mguu mwepesi, supachaja haikamui nguvu nyingi. Kuna valvu ya baipasi inafunguka, hewa inazunguka bila kubanwa. Lakini dude lenyewe limekaa katikati ya V, juu ya injini, linaokwa taratibu kama mkate. Ukitoka foleni ya Ubungo ukakuta barabara nyeupe ukakanyaga, zile sekunde tano za kwanza ndizo mbaya kuliko Kitonga nzima. Suluhisho ni sensa ya pili kwenye manifoldi, baada ya rota, na programu inayorudisha nyuma taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kadiri hewa inavyopata moto. Kifaa chenyewe bei ya kuku wawili. Bila Mzee kuniuliza gari linakwenda wapi Jumatatu nisingekifikiria.

Watu walinishauri mfumo wa kunyunyizia maji na methanoli ili kupoza hewa. Unafanya kazi, siupingi. Ila una chupa, na chupa inahitaji mtu wa kuijaza, na mtu huyo ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naweka maji ya kisima.

Kwenye petroli nilikuwa na wasiwasi wa aina yake. Watu wa umri wangu wanakumbuka 2010 na 2011, neno kuchakachua lilivyotoka kwenye mafuta likahamia kwenye kura na kila kitu. Petroli na dizeli zilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, mpaka serikali ikaweka vinasaba, alama za kutambua mafuta halali, na kuipandisha kodi hiyo. Mafuta ya taa kwenye petroli yanashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kugonga, na injini yenye supachaja ndiyo ya kwanza kulalamika. Siku hizi hali ni nyingine, lakini kwenye vituo ninavyopita mimi nakuta pampu mbili tu, petroli na dizeli, sina cha kuchagua. Kwa hiyo niliamua mambo mawili: naweka kituo kimoja chenye magari mengi, risiti naitunza, na kijana atakayetyuni, yaani kuipanga kompyuta ya injini, aache nafasi ya usalama. Nguvu iliyobaki mezani sitaililia.

Nozeli tulizipigia hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Kanuni wanayotumia watu wa mbio ni kwamba injini ya namna hii hula kama ratili 0.6 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Kilowati 225 ni farasi kama 300. Mara 0.6, ratili 180, ambazo ni kilo 82. Gawanya kwa nozeli sita, badilisha kilo ziwe lita, kila nozeli inabeba karibu lita 18 kwa saa, yaani cc 300 kwa dakika. Na nozeli haitakiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo gawanya tena kwa 0.85, unafika cc 355 hivi. Nikaagiza za jirani na hapo, sita mpya zenye kipimo cha mtiririko. Zilizotumika ni za bei rahisi, lakini moja ikiziba nusu, silinda yake inakwenda kavu na geji inayosoma wastani wa zote haikuambii kitu.

Turudi kwenye puli ndogo. Supachaja inazunguka kwa mkanda, kwa hiyo ukifunga puli ndogo inazunguka haraka zaidi, presha inapanda, nguvu inapanda. Dakika ishirini za spana. Nilikuwa nimeiweka kwenye droo ya vitabu vya gari na kuna usiku nilikuwa naitoa naishika. Ina uzito mtamu mkononi, imechongwa vizuri. Siku moja nilimpelekea Mzee nikamwuliza ingeongeza ngapi. Akaipokea, akaigeuzageuza, akaiweka juu ya meza yake, akaendelea na kazi. Nilipoondoka nikaona aibu kuidai.

Septemba 2023 shule zilipofunga, tukaanza. Nilipanga wikiendi mbili. Ikawa siku kumi na tisa. Wiki nzima ilipotea kwa bolti moja ya manifoldi iliyokatikia ndani. Dogo aliichimba kwa drili taratibu, sentimita mbili, siku tatu, kwa sababu ukikosea pale umeharibu kichwa cha silinda. Nilikuwa nimejiandaa kwa hili angalau: duka nilikodi Kirikuu, mimi nikapanda mwendokasi, na kila kitu kilichotolewa kwenye gari kiliingia kwenye mfuko wa nailoni wenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. Manifoldi ya zamani, mpira wake, nozeli zake, mkanda wake, vyote vipo stoo. Nikiamua kulirudisha lilivyokuwa, ni kazi ya siku mbili na hakuna cha kutafuta.

Lilipowaka mara ya kwanza, Mzee aliweka sikio karibu akafumba macho. Lilikuwa linatoa mlio mwembamba juu ya mngurumo wa V6. "Cherehani," dogo akasema. Sikupata jina bora tangu siku hiyo.

Kutyuni tulifanya Jumapili alfajiri, barabara tupu, mimi naendesha na kijana mmoja anayetyuni magari ya mbio amekaa pembeni, laptopu mapajani. Mchanganyiko ukiwa chini ya presha tulitaka 11.5 hivi. Mara ya kwanza nilipokanyaga ulikaa vizuri mpaka mizunguko elfu tano, halafu namba ikaanza kupanda, 12, 12.8, akanipiga begani niache. Pampu ya mafuta ilikuwa mpya, kubwa, sahihi. Tulisimama pembeni akapima umeme kwenye waya wa pampu yenyewe huku injini inanguruma: volti 11 na kidogo, wakati altaneta inatoa karibu 14. Waya wa kiwandani ulikuwa mwembamba kwa pampu ile, umeme unapotelea njiani. Tukarudi, tukavuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei yake. Jumapili iliyofuata namba ikasimama. Fikiria ningekuwa sina ile geji, nimetumia pampu sahihi na nozeli sahihi, na pistoni inayeyuka kwa sababu ya waya.

Breki na matairi nilivibadilisha, sina la kusema hapo. Bima niliwaandikia barua. Jumla ilifika kama milioni kumi na nne. Lile boksi nililodhani ndiyo mradi wenyewe lilikuwa theluthi tu. Mjini linakula zaidi kidogo, lita moja kilomita tano na nusu badala ya sita. Nikilikanyaga sisemi.

Kitonga nimepanda mara nyingi sasa. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na geji ya presha ambayo Dar inasoma 6 kule inasoma 5. Mwanzoni nilidhani kuna mahali panavuja. Kumbe supachaja inazidisha hewa inayoikuta, na kule inaikuta kidogo. Hata hivyo ukijumlisha, injini pale juu inapata hewa nyingi kuliko ilivyokuwa inapata Dar enzi zake za bila supachaja, na unaisikia mgongoni pale barabara inaponyooka na lori likakupisha. Halafu unakutana na kibao cha 50, na kijana mwenye tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mwembe.

Ila safari ninayoikumbuka ni ya kurudi, Februari 2024. Tulikuwa tumepita Chalinze, watoto wamelala, taa ya betri ikawaka na usukani ukawa mzito kwa mpigo mmoja. Nilizima injini kabla hata ya kusimama vizuri. Injini hii mkanda mmoja unabeba kila kitu: altaneta, usukani, AC, na pampu ya maji. Ukikatika ukasema ujikongoje mpaka kwenye kivuli, unapika kichwa cha silinda. Nikafungua boneti. Ile puli ya kuongoza mkanda iliyokuja na seti, kuukuu, beringi yake ilikuwa imekufa na mkanda umechanika nyuzi nyuzi kama katani. Puli mpya sikuwa nayo. Tuliangalia kila kitu kipya tukaiacha hiyo kwa sababu ilikuwa inazunguka kimya.

Lakini kabla gari halijatoka gereji Mzee alikuwa amenilazimisha kufanya kitu nilichokiona cha kizee. Alichukua kamba ya katani, akaizungusha kwenye puli zote akiiruka ya supachaja na hiyo ya kuongoza, akaikata, akaipima kwa futi, akaniambia nikanunue mkanda wa urefu huo nikauweke chini ya kiti. Halafu akanifanya niufunge mwenyewe, akiwa amekaa kwenye ndoo, kisha akanituma nikazunguke nao mpaka Buguruni na kurudi, supachaja imesimama, injini inavuta hewa kupitia baipasi. Lilikuwa zito kama limebeba tofali, lakini lilikwenda.

Pale Chalinze nilitumia dakika thelathini na tano kwa mwanga wa simu, mtoto mkubwa ameishika. Tukaingia Mbezi saa nne usiku kwa mwendo wa kilomita sitini, bila cherehani. Jumatatu watoto walikwenda shule na gari hilohilo.

Jumamosi nikaenda Ilala na beringi mpya. Puli ndogo bado ilikuwa juu ya meza ya Mzee, imekandamiza risiti zake zisipeperushwe na feni. Nikamwambia, Mzee, sasa tumeshalijua gari. Akanyanyua puli, akachomoa risiti aliyokuwa anaitafuta, akairudisha palepale.